Nyumba Iliyomkana Bi Karsih

Sogeeni, na anayesinzia asiniombe nirudie. Palikuwa na mjane, Bi Karsih, katika kijiji cha Wasunda, kule Java, ambako mpunga hupanda mlima kama ngazi. Huko kila nyumba ilikuwa na kinywa. Mwenyewe akirudi kutoka kondeni husema mlangoni, "Sampurasun!", ndiyo hodi yao. Nyumba humjibu, "Rampes!", na mlango hufunguka.

Akaja mgeni kutoka mjini. Mara ya kwanza alikunywa chai, akasifu hewa. Mara ya pili alilala, akasifu bwawa la samaki. Mara ya tatu alikuja na karatasi.

"Niuzie, Bibi. Mimi nitakuja sikukuu tu. Wewe kaa humu humu, unitunzie."

Bi Karsih akaona amepata vyote, fedha na nyumba. Akatia dole gumba. Mgeni akaenda zake.

Siku hiyo hiyo Bi Karsih akatoka kondeni na mzigo wake wa mpunga. "Sampurasun!" Kimya. "Sampurasun!" Kimya, hata mjusi hakulia. Mara ya tatu akaita kwa kilio: "Ni mimi, Karsih! Wanangu wote nimewazalia humu!"

Nyumba ikamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mpita njia: "Mwenyewe hayupo, mama. Jaribu sikukuu."

Sikukuu ngapi zimepita! Mgeni hajarudi. Bi Karsih nilimwacha pale kizingitini. Aliponiona alinikaribisha chai, kisha akakumbuka kwamba birika liko ndani.