Ufunguo wa Fremu ya Bi Mwanamvua

Haya, simu chini, masikio juu! Nina kesi ya kuwaachia, na msiponiamulia leo hatuli.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa Morogoro waliotaka kujifunza kununua nyumba na viwanja. Walisoma blogu, wakarushiana makala, wakabishana kuhusu hati na mipaka kama mashabiki wa mpira. Watatu walisifika. Zabroni alikuwa na jicho: picha aliitazama mpaka iseme. Havijawa alikuwa na miguu: haamini jambo mpaka akalikanyage. Edmundi alikuwa na mdomo, na mdomo ule, jamani, ungemchelewesha hata mtu anayekimbilia treni.

Kundini alikuwemo pia Bi Mwanamvua, mpishi mstaafu wa shule, aliyeishi chumba cha kupanga maisha yake yote. Siku moja akaandika: "Wanangu, nimepata nyumba Kihonda! Niko benki kwenye foleni na dalali, namlipa kiinua mgongo changu chote!" Picha ikafuata: nyumba safi, bati jipya, kanga imetandazwa ukutani.

Pongezi zikamiminika. Zabroni hakupongeza. Blogu moja ilimfundisha kwamba muuzaji hukuonyesha anachotaka, wewe tafuta anachoficha. Akaikuza picha. Nani anaanika kanga ukutani na kamba ipo pale pale? Tena pembeni mwa kanga palichungulia rangi nyekundu.

"Subirini!" akaandika. "Chini ya hiyo kanga kuna maandishi!"

Havijawa aliishi Kihonda hiyo hiyo, na mtaa ule wa pichani aliujua. Alivaa ndala akatoka mbio. Kufika, kanga hakuna, na ukuta mzima ni herufi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Akabisha hodi, akamkuta mwenye nyumba, Mzee Mkude, anamenya muwa.

"Shikamoo, mzee. Nyumba hii inauzwa?"

"Tena?" mzee aling'aka. "Mwaka huu wameniuza mara ngapi?"

Havijawa akampiga picha yeye na ukuta wake, akairusha kundini.

Lakini nani aione? Simu ya Bi Mwanamvua ilikuwa mkobani, na zamu yake imekaribia. Edmundi akapiga. Kimya. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Mama, huyo ni tapeli!"

"Aa, mwanangu, kaniambia wenye wivu watapiga simu."

"Basi usiniamini mimi, mama yangu. Wewe mwambie tu akupeleke kwanza ukauguse ukuta kwa mkono wako. Ungenunua nyanya bila kuziminya?"

Hapo mpishi akaguswa. Akamgeukia dalali: "Twende kwanza nikaione." Dalali akasema anakwenda chooni mara moja. Mpaka leo hajarudi!

Mzee Mkude aliposikia kisa chote alicheka mpaka akapaliwa na muwa. "Mimi nahamia kwa mwanangu Ifakara," akasema. "Niliwakataa matapeli, sikukataa wanunuzi." Basi akamuuzia kweli, mbele ya mjumbe na majirani, na wanawe wote wakaridhia. Vigelegele mtaa mzima!

Nyumba ile ina fremu moja ya duka, inatazama barabara. Bi Mwanamvua akawaita wale watatu. "Mmoja wenu ataitumia mwaka mzima bila kodi. Mmoja! Nimepika jiko la watu wengi, najua ugomvi wake."

Zabroni alishaona mle studio ya picha, Havijawa genge la mboga, Edmundi saluni.

"Bila jicho langu mngekuwa bado mnapongeza," akasema Zabroni.

"Wewe ulishuku tu," akasema Havijawa. "Aliyejua ni mimi."

"Mlijua, sawa," akasema Edmundi. "Na hela ilikuwa inaondoka huku mnajua."

Bi Mwanamvua akabaki na ufunguo kiganjani, hajui aunyooshe upande gani. Wao wanamtazama yeye, yeye anawatazama ninyi. Na asiniambie mtu wagawane. Fremu yenyewe kiti cha pili hakiingii! Haya, wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo: ungemkabidhi nani?