Nyasi za Mfalme Orkudai

Hapo zamani, katika mbuga pana isiyo na mti hata wa kufungia mbuzi, waliishi watu walioitwa Watarguzi, ambao watoto wao hupanda farasi kabla hawajajua kutembea. Nyumba zao zilikuwa mahema ya sufu. Nyasi zikiisha hapa, huyang'oa wakahamia kule, wala hakuna aliyewahi kuuliza nyasi ni za nani. Mpaka akatawala Orkudai.

Orkudai alikuwa na farasi wengi hata mwenyewe hajui idadi yao, lakini jicho lake lilikuwa kwa farasi jike wa maskini mmoja, jina lake Kesheli. Huyu hakuwa na kitu duniani ila mkewe Tolgani, mtoto mchanga, na farasi huyo. Na kwa kuwa Tolgani maziwa yalimkauka, mtoto alikuwa akiishi kwa maziwa ya farasi. Watu walimwita Kesheli mjinga, maana kila neno alilishika kama lilivyosemwa. Mfalme alitaka kumnunua yule farasi, akakataliwa. Kumnyang'anya hivi hivi aliona haya, kwani wafalme nao wana haya zao: hupenda kuiba kwa sheria.

Basi akapiga mbiu ya kwamba nyasi zote za mbuga ni mali yake, na ambaye mnyama wake amezila, azirudishe au amtoe mnyama. Watu wakanung'unika mahemani, na mbele ya mfalme wakasema, "Uishi miaka mingi!" Na wa kwanza kuitwa, mnadhani nani? Kesheli.

"Ewe Kesheli, farasi wako amekula nyasi zangu?"

"Amekula, bwana wangu. Hata sasa hivi anakula."

"Basi kesho zirudishe. Vyovyote zilivyo, popote zilipo, nazitaka hapa. La sivyo farasi atalala zizini kwangu." Na mfalme akacheka mpaka tumbo likamtikisika.

Kesheli akarudi kwake. Akamkuta Tolgani akipanga mavi makavu ya farasi, maana nchi isiyo na kuni hupikia hayo. Aliposikia habari, akayatupa chini.

"Umeniulia mwanangu! Ungekana, ungekufa?"

"Aliniuliza, mke wangu, nikajibu."

"Akakuambia urudishe nyasi zilizokwisha kuliwa! Zirudi vipi, Kesheli? Hebu niambie!"

Kesheli akaketi akilia, macho kwenye lile rundo. Mara akayafuta machozi.

"Tolgani, haya ni nini?"

"Umeingiwa na nini wewe? Si mavi!"

"Na kabla ya kuwa mavi?"

Tolgani akafungua kinywa ajibu, akakifunga, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Ngoja nikuletee magunia," akasema.

Sasa mjue, Watarguzi wana desturi yao: kitu kinachorudishwa kwa mfalme, mfalme hukipokea kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso mbele ya watu. Asipofanya hivyo, dai lake limekufa. Orkudai alijivunia sana desturi hiyo.

Kesho yake Kesheli akaja juu ya farasi wake na magunia mawili, akashuka, akamwaga moja juu ya zulia la mfalme.

"Nini hii?"

"Nyasi zako, bwana wangu."

"Haya ni mavi!"

"Ulisema vyovyote zilivyo. Ndivyo zilivyo."

Mfalme akapandwa na hasira, ila tamaa ikamshinda. "Hazikutimia! Alikula nyingi kuliko hizi."

"Kweli, bwana wangu. Nyingine ziligeuka maziwa. Kiriba kimoja nilikuletea sikukuu ukakinywa, hizo unazo mwenyewe. Yaliyobaki aliyanywa mwanangu, na vitambaa alivyovichafua vimo katika gunia lile la pili."

Waziri akainama sikioni kwa mfalme. "Bwana, usipopokea, dai limekufa."

Orkudai akamtazama yule farasi, mzuri ajabu, akajisemea kwamba hayo yatakwisha upesi na kwamba kosa halitakosekana katika gunia la pili, amtwae farasi. Akafumba macho, akatwaa donge kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso. Watu wakaziba vinywa wasicheke.

"Ahsante, bwana wangu," akasema Kesheli, akainama kuchukua jingine.

Mfalme alipofumbua macho, akaona nyuma ya Kesheli bibi kizee na kapu lake, na nyuma ya bibi wachungaji na magunia yao, na nyuma yao mbuga yote inakuja, maana kila mtu alikuwa na nyasi za kurudisha. Wengine walikuwa na ng'ombe.

"Basi! Basi jamani!" akapiga kelele. "Nyasi ni za Mungu! Farasi ni wako, Kesheli, wewe na watoto wako, wala asiguswe!"

Umati ukaangua kicheko, na mfalme, kwa kuwa kutocheka kungekuwa aibu zaidi, akacheka nao. Akasogea, akamnyooshea Kesheli mkono.

"Umeniweza, ewe mjinga. Shika mkono wangu tupatane, kisha omba lolote, nami nitakupa."

Kesheli akautazama ule mkono. Akamrudisha farasi nyuma kidogo.

"Uishi miaka mingi, bwana wangu. Naomba ukanawe."