Mwendo wa Mzee Nyati na Mwendo wa Bibi Digidigi

Hadithi, hadithi!
— Njoo tukusikie!
Ije ikikimbia?
— Ije ikitembea!

Haya, inakuja. Wewe huko nyuma, acha kuguguna muhindi, sikiliza.

Zamani palikuwa na Mzee Nyati, shingo nene kama kinu. Katika pori lile hakuna aliyezaliwa kabla yake, basi kila mnyama alimwamkia, naye alipenda kuamkiwa kuliko alivyopenda majani. Mwaka mmoja jua lilichoma, mito ikakauka, likabaki shimo moja tu la maji. Mzee Nyati akaweka sheria: anayefika wa kwanza anywe mpaka atosheke, ndipo wengine wafuate. Na kila siku wa kwanza ni yeye. Ndi! Ndi! Ndi! amefika. Gugu! Gugu! Gugu! anakunywa. Akishashiba anagaagaa humo humo, wenzake wakija wanakuta tope.

Waliochelewa zaidi walikuwa mabibi wazee. Mmoja wao ni Bibi Digidigi, mdogo wa umbo, goti moja bovu, analea mjukuu. Siku moja mjukuu alilia na machozi yasitoke. Bibi akaogopa kweli kweli. Akamwendea Nyati pale shimoni, wanyama wote wakisikia.

"Mzee, tunywe sote, kidogo kidogo."

Nyati akacheka. "Bibi wee, mzee wa kiume na mzee wa kike hawana mwendo mmoja. Mimi hatua moja, wewe kumi. Nikungojee?"

"Usiningojee. Kesho asubuhi tushindane. Tutoke pale kwenye kichuguu, kwa kutembea tu. Ukifika wewe mbele, sikanyagi hapa tena. Nikifika mimi, shimo ni langu mpaka mvua inyeshe."

"Hata sasa hivi!"

"Kesho," akasema Bibi. Jioni ile akawapitia mashoga zake watatu, akawanong'oneza.

Kulipokucha wakatoka. Nyati, ndi! ndi! ndi! akatokomea. Bibi, tiki, tiki, tiki. Goti linauma, lakini hasimami.

Njiani alikaa Bibi Kanga. "Shikamoo mzee wetu!"

Nyati akapita kimya. Bibi Kanga akapaza sauti: "Loo! Hajaitikia! Kumbe ni kijana huyu!"

Nyati akarudi hatua ishirini nzima. "Marahaba! Marahaba! Nani kijana?"

"Samahani baba. Habari za nyumbani? Mgongo je? Na lile jino?"

Akajibu yote, na jino akalionyesha.

Tiki, tiki, tiki.

Mbele akamkuta Bibi Nungunungu. "Shikamoo mzee wetu!"

"Marahaba."

"Nimegombana na jirani, sababu kiazi. Nani wa kutuamulia kama si wewe?"

Nyati akatazama nyuma, hakuona mtu. Akakohoa kikohozi cha baraza, akaamua. Ilikuwa hukumu ndefu kuliko kiazi chenyewe.

Tiki, tiki, tiki.

Mbele zaidi, Bibi Kima alikuwa ameweka kigoda kivulini. "Shikamoo mzee wetu! Hebu tueleze, enzi zenu mlikuwa mnatembeaje?"

Lahaula! Nyati akakaa. Akaanza na mwaka wa nzige, akaja kwa simba aliowafukuza, wa kwanza, wa pili, wa saba. Akafumba macho ili akumbuke vizuri.

Tiki, tiki, tiki. Bibi Digidigi akapita nyuma ya kigoda. Goti linawaka moto. Hakusimama. Hakusalimia hata mdudu.

Nyati alipofika shimoni, mjukuu alikuwa anakunywa, masikio yanamchezacheza. Nyuma yake pori zima limejipanga, na Bibi amesimama mbele anaelekeza. Nyati akainamisha pembe, akitaka kuwatawanya. Wote wakamtazama, maana ahadi walikuwa wameisikia. Akainua pembe taratibu.

"Shikamoo mzee," akasema Bibi Digidigi. "Karibu. Foleni inaishia kule, nyuma ya Kanga."

Siku ile maji yalitosha, na kesho yake yakatosha.

Hapo nimeitua. Ikiwapendeza ichukueni, isipowapendeza niachieni, nitainywea chai.

Ah, fundisho! Fundisho ni hili: wazee wa kiume hutembea kasi kuliko wazee wa kike, wala msibishane na mtu. Na nyie watoto, komeni kuwaamkia babu zenu njiani. Mnawachelewesha.