Jina la Mama Atupele

Wapendwa, huko milimani kwenye mvua nyingi aliishi mwanamke mmoja ambaye watu walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Tangu alipojifungua binti yake wa pekee, sokoni, bombani, hata kanisani, aliitwa Mama Atupele, naye akaitika.

Atupele akaugua homa ya uti wa mgongo. Walimkimbiza hospitali, wakarudi naye amefunikwa khanga.

Baada ya maziko majirani waliogopa kumtonesha yule mama. Siku moja bombani mwenzake alianza, "Mama A...", akajiuma ulimi, akamalizia, "Dada, kinga ndoo yako." Kila walipolikwepa lile jina, alisikia kama udongo unamwagwa tena juu ya sanduku.

Mwishowe akaamini kwamba wako sahihi. Wifi yake alipofika na kumwita kama zamani, alimkatiza.

"Usiniite hivyo, wifi. Jina lilikaa juu ya mtoto, na mtoto hayupo. Sasa litakaa juu ya nini?"

Wifi akaketi naye jikoni. "Ulimzaa, hukumzaa?"

"Nilimzaa."

"Ulimbeba mgongoni, hukumbeba?"

"Nilimbeba."

"Basi jina lako limekaa juu ya hilo, kwamba ulimzaa ukamlea. Mtoto tumemzika, wifi yangu. Kwamba ulimzaa, hilo nani atalizika?"

Yule mama akalia mpaka moto ukafifia mafigani. Kisha akauliza taratibu, "Kama mlilijua hilo, mbona mlininyamazia wote?"

Wapendwa, sisi tuna jibu gani?

Ndugu zangu, aliye mikononi mwetu anaweza kuchukuliwa kabla ya jua kuzama. Lakini lililokwisha kutendeka, kifo hakiwezi kulitengua. Mungu mwenyewe anatuita wanawe kwa sababu alituumba, akatupenda, na hilo halifutiki hata siku tutakapolazwa mavumbini. Ikiwa yeye hakomi kutuita, sisi tumepata wapi ruhusa ya kunyamaza? Kunyamaza huko tunakuita huruma. Kumbe tunamnyang'anya mfiwa kile ambacho kifo chenyewe kilishindwa kukibeba.

Humu ndani yumo mama ambaye tangu mwaka jana hatujamtajia mwanawe. Tunamjua. Tukitoka, tusimpite kwa kuinamisha vichwa. Tumwite.