Nani Aliyembishia Hodi Mzee Akida?

Yashikeni majina vizuri, kwa sababu mwisho nitawataka mchague mmoja.

Siku ya kwanza ya habari hii, katika duka la kofia lililoko Ngamiani, Tanga, walikuwapo watu wanne.

Alikuwapo Bi Nuru Chambuso, mwenye duka. Yeye alijaliwa maneno. Aliwahi kumwandikia mteja barua ya kumkatalia ombi lake, na mteja huyo akaja hadi dukani kumshukuru.

Alikuwapo Hiza Semkiwa, fundi wa kompyuta. Yeye alijaliwa subira na mashine. Wengine wakizipiga makofi, yeye huzikalia kimya mpaka zitii.

Alikuwapo Pili Kihiyo, mfungaji wa vifurushi. Yeye alijaliwa macho ya majina. Jina akishaliandika juu ya kifurushi, halimtoki tena.

Na alikuwapo Bi Mwantumu Akida, mshonaji. Jina ni Mwantumu. Vitabu vya duka vilimwandika Mwanatumu kwa miaka miwili, naye hakulalamika. Yeye alijaliwa mkono. Katika kofia zake za viua alikuwa akitia ua la pembe nane alilofundishwa na marehemu mama yake, na mtu mwingine wa kulishona hakuwapo.

Jambo moja juu ya Bi Mwantumu mlijue mapema. Alikuwa hajafika kwa baba yake, Pangani, kwa miaka kumi na mmoja. Aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, na baba akamwambia mlangoni, mbele ya watu: "Usinibishie hodi tena." Mume alikwisha kufariki, lakini neno lile lilibaki pale pale. Kutoka Tanga hadi Pangani ni safari ya asubuhi moja.

Duka lenyewe lilikuwa la mtandaoni. Mtu hufungua simu yake popote alipo, akatazama picha za kofia, akachagua namba ya kichwa chake, akaiweka kapuni, kisha akalipa. Lakini wengi waliweka kapuni na kuondoka kimya. Bi Nuru alitaka watu hao wafuatwe kwa barua pepe, na barua hizo zijitume zenyewe, pasipo mtu kukaa kuzituma.

Hiza alileta mfano wa barua alioupata kwa mafundi wenzake. Akausoma: "'Umesahau kitu kapuni!'"

"Wewe Hiza," alisema Bi Nuru, "utamwambia mtu mzima kasahau? Hajasahau huyo. Kasita. Na mtu akisita ndani mwake, unambishia hodi."

"Nimbishie mara ngapi?"

"Hodi ni tatu, mwanangu. Ya nne ni ya polisi."

Wakacheka wote. Bi Mwantumu naye alicheka, ila macho hakuyainua kwenye sindano.

Basi Bi Nuru akaandika maneno. Alifuta mara nyingi, mwisho yakabaki machache: "Hodi. Kofia uliyoichagua bado ipo. Imeshonwa kwa mkono, nao mkono hauna haraka."

Hiza akaifundisha mashine. Barua ya kwanza itoke baada ya saa moja, ya pili baada ya siku moja, ya tatu baada ya siku tatu. Mteja akilipa, mashine inyamaze. Akikaa kimya hadi ya tatu, mashine iondoke kama mgeni mwenye adabu.

Pili akawaambia waongeze majina. Mteja aitwe kwa jina lake lote, na aliyeshona kofia atajwe kwa jina lake.

"Langu la nini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Mtu ajue anavaa mkono wa nani, dada."

Bi Mwantumu akakubali. Akarudi kwenye ua lake la pembe nane. Kofia ile, ambayo sasa alikaribia kuimaliza, ilimchukua miezi minne, na alipoimaliza alisema macho yake hayatashona nyingine ya namna hiyo.

Liko kosa moja lililofanyika siku hiyo. Hiza alipoulizwa majibu ya wateja yaende wapi, alisema, "Nani atajibu mashine?" Akayaelekeza kwenye sanduku ambalo hapana mtu wa kulifungua. Hakukumbuka kwamba hodi hujibiwa.

Wiki ya tatu, mteja mmoja aliichagua kofia ile ya Bi Mwantumu, namba ishirini na mbili na nusu. Akaiweka kapuni. Hakulipa.

Baada ya saa moja mashine ilimbishia hodi. Baada ya siku moja ikambishia tena. Baada ya siku tatu ikambishia mara ya mwisho, ikaondoka. Dukani hakuna aliyejua lolote.

Siku ya kumi na tisa tangu hodi ile ya kwanza, Pili alikuwa akitafuta malalamiko ya mteja wa Korogwe aliyedai kwamba aliandika na hakujibiwa. Akamwomba Hiza amfungulie lile sanduku. Ya mteja wa Korogwe yalikuwamo. Yalikuwamo pia majibu matatu ya mtu mmoja.

La kwanza: "Karibu."

La pili: "Karibu. Mlango uko wazi."

La tatu: "Karibu. Mbona huingii?"

Pili akatazama jina la aliyeandika. Kisha akaenda kusimama mbele ya Bi Mwantumu.

"Dada, baba yako anaitwa nani, jina lote?"

"Unalitakia nini?"

"Nitajie tu."

"Akida Mwinyihija Mdoe."

Pili akampa simu, naye akasoma. Aliyasoma yote matatu, akarudia la tatu. Kisha akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akainuka.

Walikwenda Pangani asubuhi ya Ijumaa, yeye na Pili, na ile kofia ndani ya karatasi. Walipofika, mlango ulikuwa wazi kweli. Bi Mwantumu alisimama nje, midomo imefumba.

"Bisha, dada."

"Nilikatazwa."

"Miaka yote hiyo?"

"Hakuniambia mwisho wake lini."

Pili akangoja. Alipoona mwenzake hatafungua kinywa, akabisha yeye: "Hodi!"

"Karibu," ilijibu sauti ndogo ndani. Kisha ikauliza, "Mbona huingii?"

Mzee Akida alikuwa kitandani, hawezi kuinuka. Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, mtu asiyeacha barua bila majibu. Alimtazama binti yake, asimwulize habari za njiani wala za afya.

"Umebisha mara tatu," alisema. "Nimeitika mara tatu. Nikadhani umeondoka."

"Sikujua, baba."

"Ua la mama yako nililijua kwenye picha. Nikaona haya kulinunua kwako kama mgeni, na haya kuliacha. Ndipo hodi ikaja na jina lako. Lile neno nililitoa mimi, na sikujua namna ya kulirudisha. Nikasema, mwanangu kanizidi."

Hapo Bi Mwantumu angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Si mimi niliyeandika, baba. Hodi ile ni ya duka. Inajituma yenyewe kwa kila mtu." Akamweleza habari za Bi Nuru, za Hiza, za Pili, na kwamba yeye alishona tu.

Mzee Akida alisikiliza yote hadi mwisho. Akaomba kofia. Akaivaa, akayapapasa maua yake kwa kidole, kisha akaivua na kumrudishia Pili.

"Nimeilipia asubuhi hii," alisema. "Mimi haitanifaa tena. Apewe aliyenibishia hodi."

"Yupi, baba?"

Lakini alikwisha kufumba macho, na hawakutaka kumwamsha.

Bi Mwantumu alibaki kumwuguza. Pili alirudi Tanga na kofia, na Jumatatu asubuhi aliiweka mezani akawapa wenzake ujumbe.

"Hodi ni neno," alisema Bi Nuru, "na neno niliandika mimi. Lako lilikuwa 'umesahau kitu,' Hiza. Mzee angeitikia 'karibu' hapo?"

"Na lako lingekuwa bado kwenye daftari, mama," alijibu Hiza. "Mashine ndiyo iliyofika mlangoni, mara zote tatu."

"Na majibu ukayazika siku kumi na tisa," alisema Pili.

Hiza akainamisha kichwa. "Nimeyazika. Hilo sitalikana."

"Hodi ni ya kinywa," aliendelea Pili. "Mimi nilisimama pale nikaitoa. Kama si mimi, dada Mwantumu angekuwa bado nje."

"Kofia yenyewe utaivaa wapi, Pili?" aliuliza Hiza.

"Nina mume, na kichwa chake hakina kasoro."

Walicheka kidogo. Ndipo Bi Nuru akasema, "Tunamsahau mshonaji. Ua lake lilimfikia mzee kabla ya neno langu. Asingeliona, asingeweka kitu kapuni, na mashine isingekuwa na wa kumbishia."

"Lakini mwenyewe kasema hakubisha," alisema Hiza.

"Kasema kweli, na kweli hiyo imemgharimu. Tumnyang'anye kofia kwa sababu hakusema uongo?"

Hawakupatana. Kofia ilibaki mezani, na hakuna aliyetaka kuigusa.

Sasa nawageukia ninyi mliosikiliza. Yuko aliyeandika hodi, yuko aliyeifikisha, yuko aliyeitamka, na yuko ambaye kwa ajili yake iliitikiwa. Mkiambiwa mwamue leo, kofia ile mngempa nani, na wale watatu mngewaambia nini?

Msiseme aulizwe mwenyewe. Mzee Akida Mwinyihija Mdoe alifariki Pangani Jumatatu hiyo, saa tatu na robo asubuhi.