Jina Kwenye Daftari la Wagonjwa

Ndugu zangu, mfano wa leo ni wa masista. Naona kina baba pale nyuma mmeshaegemea kabisa, mnasema leo si zamu yetu. Kaeni vizuri. Zamu yenu inakuja.

Kulikuwa na nyumba ya masista wa Kianglikana juu ya kilima, masista ishirini na wawili pamoja na Mama Mkuu wao. Walilima mihogo na karanga, walishona kanzu za mapadre, na hostia, ile mikate myembamba ya Komunyo, za dayosisi nzima zilitoka kwenye jiko lao. Lakini ukiwauliza kazi yenu hasa ni nini, walikujibu bila kusita: kusali. Kengele ikilia, jembe lilibaki shambani na cherehani ilinyamaza, wakaingia kanisani. Sala ya saa sita mchana ilikuwa ya wagonjwa. Walikuwa na daftari. Ukipeleka jina la mgonjwa wako, liliandikwa humo na kusomwa kwa sauti kila siku, mpaka apone au afe. Nani kati yetu hapa anatajwa mbele za Mungu kila siku bila kukosa? Basi tusiwadharau.

Msomaji wa daftari alikuwa Sista Hilda, mwenye miaka hamsini na kitu na sauti ya kumfanya mtu aache kusinzia. Siku moja mwezi wa pili, Kwaresima ikikaribia, binti mmoja alibisha hodi getini akamwulizia yeye. Alikuwa binti wa Winifrida.

Niwaambie Winifrida ni nani. Hilda na Winifrida waliingia unovisi, yaani mafunzo ya usista, siku moja. Walilala vitanda jirani, walilima tuta moja, mmoja akiugua mwenzake alimpikia uji. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Halafu, wiki mbili kabla ya nadhiri za maisha, Winifrida akaondoka. Hakufanya kosa lolote. Alimwambia Mama Mkuu wa wakati ule waziwazi kwamba wito huu si wake. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: anayeondoka haagi, asije akawatikisa wengine. Akatoka asubuhi, wenzake wakiwa shambani. Hilda aliporudi alikuta kitanda kitupu.

Desturi aliijua, jamani. Lakini moyoni alisema: wengine sawa, ila mimi angeniaga. Winifrida akaolewa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu, kwa watu wasio wa kanisa letu. Miaka ishirini na sita ikapita na Hilda hakuvuka mto ule hata mara moja.

Sasa binti yuko getini.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anaumwa. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema hakuna la kufanya. Anaomba uje. Amesema hata ukikaa kidogo tu."

Miguu ya Hilda ilitaka kwenda, nawaambieni, ilitaka kwenda saa ile ile. Lakini kinyongo cha miaka ishirini na sita kikamshika mkono kwa upole, kikamwelekeza kwenye daftari.

"Pole sana, mwanangu. Mwambie naandika jina lake leo. Tutamwombea kila siku."

Binti akauliza, "Nimwambie utakuja?"

"Mwambie tunamwombea."

Mama Mkuu alipopata habari alimwita. "Nenda, Sista. Ruhusa unayo, hata sasa hivi."

"Asante, Mama. Lakini hostia za Pasaka ni nyingi mno mwaka huu. Nikimaliza nitakwenda."

Mnamwona? Hakudanganya. Hostia zilikuwa nyingi kweli. Sisi watu wa dini tuna bahati mbaya hiyo: tukitaka kukwepa, hatukosi kazi takatifu ya kujificha nyuma yake.

Kuanzia siku iliyofuata, saa sita, Hilda akasimama na daftari. "Ee Bwana, umponye mtumishi wako Winifrida." Wenzake wakaitikia, "Bwana, utusikie." Na lile jina alilisoma vizuri kuliko yote. Sista mmoja alimwambia wakiwa jikoni, "Ukimtaja Winifrida, hata mimi machozi yananilengalenga." Hilda akafurahi. Akajiona amesamehe. Kila siku alitoka kanisani mwepesi, kama mtu aliyekwisha kwenda na kurudi.

Masika ikaanza kwa fujo. Mto ukafurika, daraja la magogo likachukuliwa na maji. Hilda aliposikia hapapitiki alishusha pumzi, Mungu amsamehe. Pasaka ikaja ikaenda. Mvua zikakatika, mto ukapungua, watu wakawa wanavuka kwa kukunja nguo magotini. Naye akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Lakini kusoma jina hakuacha, hata siku alipokuwa na homa.

Mwezi wa saba, baada ya kuvuna karanga, binti yule alipanda tena kilima. Alifika saa sita kasoro, akaambiwa masista wanaingia kusali, naye akaingia akakaa benchi la mwisho. Hilda hakumwona. Alifungua daftari akasoma kwa ile sauti yake.

"Ee Bwana, umponye mtumishi wako Winifrida. Umwinue kitandani mwake."

Na masista ishirini na mmoja, wamefumba macho, wakaitikia: "Bwana, utusikie."

Nyuma kule mtu akalia. Hakuwa analia kwa adabu. Ilikuwa sauti ya msibani.

Sala ilipokatika Hilda alimfuata, akamkuta amejishika kichwa. "Mwanangu, kuna nini?"

"Sista, mama alikufa mwezi wa tatu."

"Wa tatu?"

"Mto ulikuwa umejaa. Tulimzika sisi wenyewe, hatukuweza kutuma mtu. Mto ulipopungua nikadhani mmesikia. Leo nilikuja kuwashukuru, kwa sababu mlimwombea."

Miezi minne, ndugu zangu. Miezi minne nyumba nzima ya watu wa Mungu ilimwomba Mungu amwinue kitandani mtu ambaye majani yalikwisha kuota kaburini kwake, na katika wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

Akauliza lile swali ambalo sote tungeuliza, na heri asingeliuliza. "Alisema nini juu yangu?"

Binti alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Upepo ukivuma kutoka huku, kengele yenu ya saa sita tunaisikia. Ikilia alikuwa ananiambia, niinue nikae. Nimgeuzie uso mlangoni. Anasema, sasa wananiombea, na wakimaliza Hilda atakuja. Alifanya hivyo kila siku, Sista, mpaka siku aliyoshindwa kukaa."

Hilda alivua viatu akashika njia na binti yule, wakavuka mto. Walifika kaburini wenzake wakiwa bado wanaosha vyombo vya mchana. Ndivyo palivyokuwa karibu.

Ndugu zangu, nyie mnaoegemea, haya. Je, sala zao zilikuwa mbaya? Hasha! Mungu alizisikia tangu siku ya kwanza. Kila siku walimwomba amtazame Winifrida, na kila siku alikuwa na jozi ishirini na mbili za macho pale mbele yake, zimefumbwa.

Na sisi je? Maneno gani yanatutoka upesi kuliko "nakuombea"? Mtu anakupigia simu anakueleza shida yake, unamjibu "tuko pamoja katika maombi," na hapo simu imeshakatwa na moyo umetulia. Yule uliyekorofishana naye ameanguka na ugonjwa. Unamtaja kwenye maombi ya jumuiya, tena kwa huruma, na kwake hukanyagi. Nasema sisi, maana na mimi mchungaji wenu nimo. Nimewahi kuomboleza kwa machozi madhabahuni kwa ajili ya mtu ambaye sikutaka kukutana naye barabarani.

Sasa ni wakati wa kuwaombea wagonjwa wetu. Karatasi hii ina majina saba, na ni ile ile ya tangu mwaka jana. Jina la kwanza ni la Mama Tekla, anayekaa nyuma ya ghala la ushirika. Kabla sijalisoma mbele za Mungu, mtu mmoja anijibu. Nani amemwona wiki hii?

Nani amemwona mwezi huu?

Basi nani hapa anajua kama yuko hai?