Mbwa Aliyegoma Juu ya Barafu

Sogeeni, wajukuu, sogeeni. We Tatu, toa kiwiko ubavuni mwa mwenzio. Mdomo ufungwe, sikio lifunguke. Hadithi ikisikia kelele hurudi ilikotoka.

Huko Siberia bahari huganda ikawa kama sakafu, na watu huivuka kwa kigari kisicho na magurudumu, kinachovutwa na mbwa. Mzee Tinagergi alikuwa na watoto watatu. Rultina alijua kulea. Etuvgi alijua kufunza. Omrini, kitinda mimba, alijua kuendesha, na kujisifu pia alijua.

Kiongozi wa mbwa wao aliitwa Nuta. Alizaliwa dhaifu. Rultina akamtafunia samaki, akamlaza katikati ya wanawe, maana huko mbwa hukua na watoto ili wapate upole. Upole gani! Hata mwizi humkaribisha kwa mkia.

Etuvgi akamfunza kulia, kushoto, simama. Tena akamfunza jambo lililochekwa kijiji kizima: kukataa.

"Mbwa anayetii kila neno atakuzika," alisema.

"Basi mpe yeye kiti, wewe uvute!" Omrini akamdhihaki.

Siku moja mzee akashikwa na homa kambini, ng'ambo ya ghuba. Omrini akaenda kumchukua. Wakirudi, katikati ya barafu, Nuta akasimama.

"Twende! Twende, we mvivu!"

Nuta akalala chini. Omrini akauchukua mjeledi wa baba, akampiga puani kwa mpini. Damu ikadondoka kwenye theluji.

"Mwache, mwanangu," baba akanong'ona ndani ya ngozi alizofunikwa.

"Baba, huyu ananiaibisha!"

Akaushika ukanda wa Nuta, akatangulia amburute. Barafu ikapasuka, akazama mpaka kwapani, ukanda ungali mkononi. Nuta, na pua ileile iliyopasuka, akajikaza kurudi nyuma, wenzake nao wakajikaza, wakamtoa. Kisha akamlamba uso. Hapo Omrini akatamani maji yamrudishe.

Nuta akachagua njia nyingine. Omrini, nguo zimeganda mwilini, hakupanda. Alikimbia kando akisukuma, mzigo upungue, mpaka nyumbani. Vidole vyake vya mguu, vilivyokufa kwa baridi, vikakatwa. Baba akapona.

Nuta alipokufa aliacha mtoto mmoja. Mzee akasema, "Amchukue aliyeniokoa."

"Bila mimi," akasema Rultina, "Nuta angekufa hata macho hajafumbua."

"Bila mimi angetii," akasema Etuvgi, "mkaliwa na samaki."

Omrini akainama. "Mimi msinihesabu. Nikimtazama huyu mtoto, naiona ile damu."

"Labda ndiyo maana apewe yeye," mzee akasema taratibu. "Aliyeaibika hivi hapigi mbwa tena."

"Kwa hiyo mjeledi ndio unaotuzwa?" Etuvgi akang'aka.

Wakamweka mbwa katikati achague mwenyewe. Akamlamba huyu, akamlamba yule, akamlamba na jirani aliyekuja kuomba mafuta ya taa.

Mzee akafa kabla ya kukata shauri. Rultina akarithi hema la ngozi. Etuvgi akarithi kigari. Omrini akarithi mjeledi. Akaupokea kwa mikono miwili, macho chini. Na yule mtoto wa mbwa yupo palepale katikati, anatikisa mkia.

Haya, semeni sasa: wewe ungempa nani?